Roboti wa Kibakwe, Sehemu ya Pili

Nimeiona filamu ile mara nyingi mno, na bado naichukia. Nasema mapema ili asije mtu akadhani najificha nyuma ya uungwana. Wajuzi wa sinema huanza kwa kusifia, wakakosoa kwa upole, kisha wakamaliza kwa kumwambia msomaji akaitazame na kuamua mwenyewe. Mimi simtumi mtu akaitazame. Filamu ile ilimtoa mjomba wangu kwenye kazi pekee aliyowahi kuiweza, tena mbele za watu, Jumamosi mchana, na aliyemtoa kwa mkono wake alikuwa mama yangu.

Ilikuwa Majengo, Dodoma, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye akiba chini ya godoro akaamka na wazo. Mama alikuwa anauza nafaka sokoni, uwele na mtama na karanga, na alikuwa na akili ya kunusa kitu kabla wenzake hawajakiona. Baba alikwishaoa kwingine, hatumhitaji hapa. Mama alinunua televisheni, deki na jenereta, akajenga banda nyuma ya nyumba yetu kwa tofali mbichi na mabati, akaziba madirisha kwa magunia aliyotolea mtama. Mabanda ya namna hiyo watu waliyaita kibanda umiza, na jina lilistahili. Unakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, bati linakuchoma utosini, na jasho la jirani linakuwa lako. Mimi nilikuwa binti wa sekondari, kazi yangu kukaa mlangoni kupokea viingilio na kuwazuia wanaojifanya wametoka kujisaidia.

Lakini kibanda bila mtafsiri kilikuwa duka bila mwenye duka. Filamu zote zilikuja kwa Kiingereza au Kichina, na watu wa Majengo hawakutoa hela yao kutazama midomo ya wageni ikitikisika. Kila kibanda kilikuwa na mtu wake aliyekaa kwenye kigoda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiwasemea wote: steringi, adui, mama mkwe, mbwa. Palipohitaji maelezo alisimamisha kanda akaeleza, kisha akaiachia. Watu walisema wanakwenda kumsikia fulani, hawakusema wanakwenda kuona filamu fulani.

Mtafsiri wetu alikuwa mjomba, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alitoka milimani kwao Kibakwe akafanya kazi katika kambi ya wajenzi wa barabara, wageni, na kazi yake ilikuwa kusimama chini na kumwelekeza dereva wa kreni. Barabara ilipokwisha, wageni walifunga makontena yao wakaondoka, naye akatokea kwetu na kofia ya plastiki ya njano na sanduku. Mama alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umekaa na Wazungu," alimwambia. "Utatafsiri."

"Dada, Kiingereza changu ni cha kazi tu."

"Na hii ni kazi. Utalala humo humo bandani, upate malazi ya bure."

Alikusudia kwamba yeye ndiye atakuwa na mlinzi wa bure. Mama alikuwa hivyo. Hakuwahi kumpa mtu kitu kisicho na kamba, na kamba ilikuwa fupi.

Mjomba hakudanganya. Kiingereza chake kilikuwa cha kreni. Alijua inua, shusha, simama, rudi nyuma, taratibu, haraka, toka hapo wewe, na matusi yanayofuata mtu asipotoka. Nje ya hapo alikuwa gizani kama sisi wote. Kwa hiyo alitunga. Asubuhi alijifungia bandani akaitazama kanda mara moja bila sauti, kisha mchana akawasemea watu wale kwa namna ambayo mpaka leo sijaisikia kwa mtu aliyesoma. Kama watazamaji walijua kwamba anatunga, hawakulalamika. Nadhani walijua. Mtu akilia ndani ya filamu kwa Kiingereza, halafu mtafsiri akakwambia analia kwa sababu ng'ombe wa mahari wamekufa kwa ukame, huwezi kuamini na huwezi kukataa. Unalia naye tu.

Kilichompa jina ni ile filamu ya kwanza ya roboti. Ilikuwa filamu ya watu waliokuwa na pesa kidogo, inaonekana. Kulikuwa na roboti mmoja tu, mchimbaji, mzito, aliyesahaulika chini ya ardhi mgodi wake ulipofungwa. Anatoka nje anamtafuta mwenye mgodi. Anatembea polepole na karibu hasemi kitu. Wanaosema ni watu: wanakaa kwenye meza ndefu, wanafungua mafaili, wanabishana, wanasema tena. Kwa mtu mwenye Kiingereza cha kreni ilikuwa balaa, na ndiyo maana mjomba alitoa yote aliyokuwa nayo.

Alisema roboti yule alifuliwa na mhunzi wa Kibakwe, akaajiriwa na shirika la umma. Shirika limeuzwa kwa mwekezaji, yule mwenye upara mezani, na vitu vilivyouzwa ni matrekta, viti, makabati na roboti. Roboti amekataa kuuzwa pamoja na kabati. Anataka kiinua mgongo chake. Alipobomoa ukuta wa ofisi na kusimama kwenye vumbi, mjomba alishusha sauti mpaka tumboni akasema, "Mbukwenyi," ile salamu ya Kigogo ya wengi, kwa adabu zote za mtu mzima anayeingia nyumbani kwa watu. Bandani watu waliitikia. Wazee waliopunguzwa kazi kwenye mashirika, waliokuwa wamekaa mtaani mwaka mzima wakingoja cheki, waliitikia kwa sauti moja, na baadhi yao walisimama.

Mwishoni roboti anaingia ndani ya bwawa mpaka maji yanamfunika. Hapo hakuna aliyesema neno katika filamu yenyewe. Mjomba alisimamisha kanda pale maji yalipofika shingoni, akamsemea roboti maneno ya kuaga. Alimwagiza mwenye upara amwambie mhunzi kwamba chuma chake hakikuvunjika, na kwamba amekumbuka mboga ya mlenda ya mama yake ingawa hana tumbo. Fundi seremala mmoja aliyekaa karibu na mlango wangu alilia mpaka akatoka nje kupenga kamasi. Tuliionyesha filamu ile kwa miezi, na mjomba hakuaga kwa maneno yale yale hata mara moja.

Basi ikaja sehemu ya pili.

Nitaipa haki yake, maana hata mwizi husomewa mema yake kabla ya hukumu. Chuma kilikuwa chuma. Mtu aliyetengeneza yale maroboti alijua uzito ni nini. Roboti akikanyaga gari, gari linabonyea pole pole kuanzia paa, na vioo vinatoka baadaye, vile vinavyotoka kweli. Daraja linapovunjika linavunjika kwa mpango, nguzo moja kwanza, kisha kimya, kisha yote. Sauti ilikuwa mpya kabisa kwetu. Kuta za tofali mbichi zilikuwa zikimwaga mchanga. Na kulikuwa na mahali pamoja, katikati ya filamu, ambapo nakiri palikuwa pazuri. Roboti wetu wa zamani anaingia ghala la vipuri akakuta rafu imejaa mikono, kulia na kushoto, yote sawa na mikono yake. Anasimama. Anaitazama mikono ile, kisha anaitazama ya kwake. Kamera haisogei. Mtu aliyewaza hivyo alikuwa na kichwa, na sijui wenzake walimfunga kamba wapi filamu nzima iliyobaki.

Maana iliyobaki ilikuwa takataka ya matajiri. Roboti mmoja walimfanya jeshi. Wote wa rangi moja, wote wanaruka, wanapigana wenyewe kwa wenyewe juu ya maghorofa mpaka hujui anayepiga ni nani na anayepigwa ni nani, na ukishindwa kujua unaacha kujali, unaanza kutazama shingo ya aliye mbele yako. Yule wetu, ambaye tulimzika majini kwa machozi, anatolewa katika dakika ya kwanza kwa winchi, anapanguswa, na hakuna anayeeleza chochote. Steringi hafi, sawa, tunajua, lakini mfufue kwa heshima. Walimpa na kinywa. Anapiga mzaha. Roboti aliyekuwa akinyamaza ukamwogopa na kumhurumia kwa pamoja, sasa anamkonyeza msichana mmoja mwenye nywele zisizovurugika hata jengo likimwangukia. Vita vyenyewe havina sababu. Hakuna mwenye mgodi, hakuna aliyemdhulumu mwenzake, hakuna anayetaka chake. Kuna kitu kinachong'aa, na kila mtu anakikimbilia.

Na hawazungumzi. Hilo ndilo lililotuua. Zile meza ndefu za filamu ya kwanza hazipo. Watu wanakimbia na kupiga kelele za amri, mwanzo mpaka mwisho.

Sasa niseme habari za dada mpangaji, kwa kuwa bila yeye mjomba angepona. Mama alikuwa amempangisha chumba cha mbele, mwanamke kijana mpiga chapa, aliyeletwa Dodoma na kazi za ofisi za Bunge baada ya filamu ya kwanza kwisha kuonyeshwa. Alitoka Bukoba, alikuwa na viatu vya kufunga na saa ya kengele, na akisema "samahani" hata kuku walimpisha. Mjomba alimpenda kwa namna ya kuchosha. Alimchotea maji ambayo hakuombwa. Alinyoosha shati kwa pasi ya mkaa kila jioni dada yule aliporudi, akalivaa, akapita mlangoni kwake kwenda mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa banda la kuku.

"Huyo haolewi na wewe," mama alimwambia akiwa anapepeta karanga, hata hakuinua kichwa. "Mtu anasoma magazeti ya Kiingereza akiwa anakula."

"Dada, ninachotaka ni kuzungumza naye tu."

"Kwa lugha gani?"

Neno hilo lilimwingia. Siku dada mpangaji alipomwambia kwa upole kwamba Jumamosi hii atakuja kutazama, mjomba alikosa raha. Alinijia mlangoni nikiwa napanga mabenchi.

"Mpwa wangu, nimekwisha. Huyu anasikia kila neno. Nikianza kutunga pale, atanijua kwamba mimi ni mwongo wa kulipwa."

"Mwambie asije."

"Nimwambie vipi, na ndiyo mara ya kwanza ananisemesha mwenyewe?"

Kanda ya sehemu ya pili ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Asubuhi ya Jumamosi mjomba alijifungia bandani, na safari hii aliwasha sauti. Nilizisikia kelele kutoka uani. Alipotoka uso ulikuwa unang'aa.

"Naielewa," alisema. "Mpwa wangu, naielewa yote. Wanaongea kama kambini."

Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, na mimi nikafurahi naye. Filamu moja, katika zote alizosemea, ilikuwa imekuja na Kiingereza chake. Angeweza kukaa mbele ya mwanamke yule akasema kila neno kama lilivyo, bila kuiba hata moja.

Mchana ule banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini mbele ya mabenchi. Mama alikuwa amepandisha kiingilio na hakuna aliyenuna, maana mtaa mzima ulitaka kujua kama roboti alipata kiinua mgongo. Walikuja mafundi, wauza nyanya, makuli wa soko la nafaka, na wafugaji waliotoka mnadani wakiwa na fimbo zao, nikawaambia waziache kwangu. Wazee wa mashirika walikaa benchi la pili kama siku zote. Dada mpangaji alikuja na kitambaa cha kukalia, akakaa mbele kabisa. Mjomba alikuwa amevaa lile shati.

Roboti alipotolewa majini, banda lilipiga makofi. Mjomba alishika kipaza sauti.

"Vuta," alisema. "Taratibu. Vuta. Simama."

Watu walicheka kidogo, wakidhani anawavuta kwenye jambo. Walingoja.

"Haraka. Toka hapo. Kimbia. Kimbia. Rudi nyuma."

"Anasemaje roboti?" aliuliza mzee mmoja wa benchi la pili.

"Anasema, twendeni."

"Twendeni wapi?"

"Hajasema. Amesema twendeni."

Ndivyo ilivyoendelea. Jengo linaanguka, mjomba anasema lala chini. Ndege inalipuka, mjomba anasema fyatua, fyatua, mkono wa kushoto. Kila neno lilikuwa la kweli. Najua, kwa sababu baadaye nilijifunza Kiingereza cha kutosha na nikaisikiliza tena ile takataka, na hakuacha hata amri moja. Alikuwa akisema akiwa ameketi wima, kifua mbele, na baada ya kila sentensi jicho linakwenda kwa yule mwanamke aliye mbele. Dada mpangaji alikuwa ameshika shavu.

Kelele zilianza nyuma. "Tafsiri, bwana." Mwingine akasema mtafsiri amelewa. Mwingine akasema hapana, amekula kiingilio chetu na maneno akayaweka akiba. Fundi seremala, yule yule aliyelia kwa filamu ya kwanza, alisimama na kusema kwa uchungu kabisa kwamba kule kwingine anakojua yeye roboti huyu huyu anazungumza, kwamba mjomba anawaficha. Ndipo nilipowachukia watu wale. Miezi na miezi walinunua uongo wakalia nao, na siku mtu alipowapa ukweli mtupu walimwita mwizi.

"Ndivyo wanavyosema," mjomba aliwajibu. "Mimi siwezi kuongeza."

"Tangu lini?" lilikuwa swali la muuza asali, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa mzaha aliyekuwa mtani wetu. "Jamani, tumwoneeni huruma. Mgogo wa watu kaishiwa. Maneno yote kayala na mlenda, yameteleza."

Watu walicheka sana. Ulikuwa utani wa kawaida, wala si mkali. Mtani angeweza kusema hayo msibani, juu ya kaburi la baba yako, na wewe ukatakiwa ucheke na kumrudishia, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Hiyo ni sheria ya kale kuliko hao Wazungu na maroboti yao. Mjomba aliijua. Siku nyingine angemjibu kupitia kinywa cha roboti, angemfanya roboti amtafute Mnyamwezi aliyemwibia boliti akazificha ndani ya mzinga wa asali, na banda lingebomoka kwa kicheko. Lakini mwanamke alikuwa mbele, na jibu lile lingekuwa uongo.

"Nyamaza," mjomba alimwambia mtani wake. "Kama hujui Kiingereza, nyamaza."

Kicheko kilikatika. Muuza asali alifunga mdomo, akatazama chini, akiwa ameaibika kwa niaba ya mwenzake. Mzee mmoja alisema, taratibu, kwamba hilo si jambo la kumwambia mtani. Hakuna aliyemtetea mjomba baada ya hapo. Hata mimi mlangoni niliona kwamba amevunja kitu ambacho hakiungwi kwa kurudisha kanda nyuma.

Na wakati huo huo filamu ilifika ghalani. Roboti akaingia, akaona mikono yake kwenye rafu. Kelele zote zikazima, kule ndani na huku bandani. Kila mtu alikielewa kile alichokiona. Wazee wa mashirika walikielewa kuliko wote, wao walioambiwa kwamba watu wa kazi kama yao wamejaa. Walimgeukia mjomba. Walikuwa wako tayari kumsamehe yote, hata mtani, walikuwa wanaomba. Mahali pale palikuwa pake. Katika filamu nzima ile ya mabilioni, hapo tu ndipo walipomwachia nafasi.

Mjomba aliinua kipaza sauti. Nilimwona akivuta pumzi kwa tumbo, kama alivyovuta kila alipotaka kuishusha sauti ile. Akamtazama dada mpangaji.

"Hapa," alisema, "hajasema kitu."

Sitasahau ile sauti iliyofuata. Haikuwa zomeo mwanzoni. Ilikuwa guno la watu wengi waliochoka. Halafu ikawa zomeo, na fundi seremala akapiga benchi kwa ngumi, na wafugaji wakaniomba fimbo zao. Mama aliingia kutoka uani akiwa na unga mikononi. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya mdogo wake, akanyoosha mkono. Mjomba akampa kipaza sauti. Mama alikichomoa waya, akageukia televisheni, akazungusha sauti mpaka mwisho.

Maroboti yalikuwa yameanza kupigana tena. Mchanga ukamwagika kutoka kuta zote. Chuma juu ya chuma, vioo, king'ora, na banda zima likapiga mayowe ya furaha. Watu walipanda juu ya mabenchi. Hawakuhitaji kuambiwa kimbia. Waliona watu wanakimbia. Mjomba aliendelea kukaa kwenye kigoda, kando ya sauti ile, mikono juu ya magoti, mpaka mwisho wa filamu, maana watu walikuwa wamebanana na hapakuwa na pa kupita.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, mama alimwita jikoni. Nilikuwepo, nasonga ugali wa uwele.

"Nimeagiza spika kubwa," mama alisema. "Zile za kusimama. Mwenye mabasi atanipakilia wiki hii."

"Vizuri, dada."

"Filamu za siku hizi zinajisemea. Umeona mwenyewe jana."

"Ile moja tu ndiyo iko vile. Zitakuja nyingine zenye maneno."

"Mwenye duka la kanda anasema zote zinazokuja ni za namna ile. Watu wanataka mshindo." Aliosha mikono, akaipangusa kwenye khanga. "Na zikakae wapi hizo spika? Pale pako. Na bandani wataingia watu wengine wawili watatu ukitoa godoro lako."

"Unanipunguza kazi, dada?"

"Sina shirika mimi la kumpunguza mtu. Nakwambia urudi Kibakwe, mahindi yanataka palizi, na mama yetu peke yake hawezi."

Hakuna ubaya katika maneno hayo ukiyachukua moja moja. Mama alifariki akiamini kwamba alimsaidia. Mimi sikumbishia hata siku moja, maana hakuwa mtu wa kubishiwa, lakini sijaona mtu anayeweza kumtoa ndugu yake nje kwa utulivu kama ule, kisha akaonja ugali na kusema umepungua moto.

La kushangaza ni kwamba mjomba hakuvunjika. Alitoka jikoni akapanga vitu vyake kwenye sanduku, akanawa, akavaa lile shati. Nilimwuliza kama yuko salama. Aliniambia kazi ni kitu cha kupita, lakini jana mtu mmoja alisikia kwamba yeye Kiingereza anakijua. Wengine walikuwa wajinga na wajinga huwezi kuwalaumu. Yule mmoja alisikia kila neno.

Dada mpangaji alikuwa anapaka viatu rangi kizingitini, anajiandaa kwenda kanisani. Mimi nilikuwa nimetoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo, nikasimama hapo hapo na beseni.

"Habari za asubuhi, dada."

"Njema, kaka. Pole na ya jana."

"Asante. Nimekuja kukuaga, narudi nyumbani." Alisita, akashika kola. "Nilitaka kukuuliza tu. Wewe unajua lugha. Jana kuna mahali nilikosea?"

Dada yule alifikiri kwa uaminifu. Alikuwa mtu wa kusahihisha barua za wakubwa, hakuwa na tabia ya kumwambia mtu neno kwa ajili ya kumfurahisha.

"Hapana," alisema. "Hukukosea hata neno. Ulitafsiri sawasawa kabisa."

Mjomba alitabasamu. Laiti angeondoka hapo. Mtu mwenye bahati hujua mahali pa kuondokea, lakini yeye alikuwa hajawahi kuwa na bahati, angejulia wapi? Alibaki amesimama, anangoja nyongeza.

"Ila nilichoka, kaka. Kusema kweli nilitaka kutoka katikati, nikaona haya kuwapita watu." Alichovya kitambaa kwenye rangi. "Kiingereza nakisikia ofisini kutwa nzima. Wenzangu waliniambia Majengo kuna mtu ana roboti anayebisha hodi kwa Kigogo na kudai kiinua mgongo chake. Wamewahi kuja huku kwa siri, wanamwigiza mpaka leo. Tena mmoja wao akimwigiza anapoaga majini, mimi huwa nacheka na kulia. Ndiye niliyekuja kumsikia."

Midomo ya mjomba ilikuwa bado iko kwenye lile tabasamu, imesahauliwa hapo.

"Nilidhani labda ni wewe," alisema dada mpangaji. "Kumbe ni mtafsiri mwingine. Wewe unamfahamu?"

"Hapana," mjomba alijibu. "Simfahamu."

"Basi ukimsikia anaonyesha mahali, uniambie," alisema, akavaa kiatu cha kulia.